Swali Lililobaki Kigoma

Kigoma, 12 Mei 1996

Dada Mwantum,

Assalam aleikum. Hujambo wewe? Radjabu mdogo wetu hajambo? Na hiyo milio ya bunduki, mnapata usingizi kweli?

Mimi mgonjwa, ndiyo sababu naandika. Nilianguka gereji, gurudumu likiwa mikononi. Daktari amepima damu, amesema imejaa mafuta mabaya na mishipa ya moyo imeanza kuziba. Nilipomwambia Baba alikufa hivyohivyo kabla ya uzee, akasema watoto wake wote wapimwe.

Kuna swali ameuliza juu yako, la kike. Mi mdogo wako, mkono umekataa kuliandika. Mke wangu Khadidja akirudi kutoka kwao atakuandikia.

Mdogo wako,
Moubarak

Buyenzi, Bujumbura, 9 Juni 1996

Mdogo wangu Moubarak,

Waaleikum salaam. Tuko hai, alhamdulillahi. Pole sana. Nimelia, halafu nimekukasirikia: ni nani alikutuma kubeba magurudumu peke yako?

Laboratoire ya hapa, wanapopimia damu, ilibakiza dawa ya kupimia mutu mmoja tu. Nimemtuma Radjabu. Baba, baba mdogo, sasa wewe: huu ugonjwa ni wa wanaume wa kwetu, mi ningepimwa nini? Damu yake safi. Anatamba uani kama bwana harusi.

Mi ni uchovu tu. Nikibeba ndoo ya maji, taya linauma mpaka mgongoni; nimeshang'olewa jino. Hospitali kubwa iko Kamenge, na njia ya Kamenge haipitiki. Tumebanwa, Moubarak. Huku mto Ntahangwa, huku askari. Nazunguka uani kama kuku aliyewekewa sikukuu.

Khadidja hajaandika.

Dada yako,
Mwantum

Kigoma, 24 Julai 1996

Dada yangu,

Salaam nyingi. Jino lilipotoka, maumivu yaliisha? Daktari amesoma barua yako akanigombeza mimi. Anasema moyo wa mwanamke mara nyingi hulia tayani, mgongoni, au kwa uchovu tu, na watu wanang'oa meno.

Anasema mwanamke akiwa bado anaona siku zake, mwili huilinda mishipa yake kidogo, na damu yake ikipimwa huonyesha mafuta mazuri zaidi kuliko yetu. Zikikatika mapema, ulinzi huo huondoka mapema.

Khadidja bado yuko kwao. Basi lile swali naliandika mwenyewe, nisamehe: bado unaziona? Kama apana, nipe habari haraka, nikutumie vidonge kwa boti.

Moubarak wako

Buyenzi, 15 Septemba 1996

Mdogo wangu,

Salaam. Wewe na moyo wako mnaendeleaje? Barua yako imezungushwa Uvira, upande wa Zaire, mpaka imechakaa. Tangu embargo ianze, majirani wametufungia mipaka: boti za Kigoma haziji, na duka la dawa limebaki na mbao tupu za rafu.

Taya bado linauma. Sasa hata kutoka kitandani kwenda mlangoni napumzika njiani. Radjabu mwenye damu safi ndiye anayeteka maji.

Jibu ni apana. Zilikatika Oktoba ile ya 1993 vita ilipoanza, na sikuwa hata na arobaini. Nilidhani ni hofu, zitarudi.

Usijilaumu peke yako. Mwezi wa tano, niliposoma "la kike", nilijua ni swali gani. Nikaona haya kumjibu mdogo wangu kitu ambacho hajaniuliza. Na wakati ule boti zilikuwa zinakuja kila wiki.

Vidonge vitunze. Niandikie kama umevinunua, nijue viko.

Dada yako,
Mwantum