Ulipoita Sikuitika

Ifakara, Jumatatu baada ya Pentekoste

Kaka yangu Anselmi,

Jana kanisani wameimba wimbo wako. Mwalimu wa dini aliwafundisha watoto tangu Kwaresima, akawaambia ni wimbo wa watu wa zamani. Sikumsahihisha. Nilikaa upande wa wanawake karibu na mlango.

Nitakuambia yaliyotokea, ila kwanza nikukumbushe tulikotoka, maana sijui kama huko uliko mtu hukumbuka mambo ya shamba.

Unakumbuka dungu letu? Masika yakijaza bonde, Mama alikuwa anatuacha pale juu ya nguzo tuamie ndege wa mpunga, mimi na kombeo langu, wewe na zeze lako la kibuyu. Ndege walikuwa hawaliogopi hata kidogo. Nikakuambia, "Kaka, unawaita waje kucheza." Ukanirushia bonge la udongo likanipata sikioni, kisha ukaendelea kupiga.

Asubuhi kila dungu lilikuwa linaita jirani yake. Wewe ndiwe uliyekuwa unaimba, "Kumekucha, nipo!" na sauti inapanda mwishoni. Dungu la pili linaitika, "Nipo nami, kumekucha!" kisha nalo linaita la tatu, mpaka wito unafika mtoni. Dungu lisipoitika, watu waliacha kila kitu wakakimbilia huko, maana huenda nguruwe amemjeruhi mtu au maji yamemchukua. Siku ile nilipoachiwa dungu la pili peke yangu, nikanyamaza kwa uvivu tu, jirani yetu alikuja mbio ndani ya maji hadi kiunoni, mkuki mkononi, akanikuta ninakula muwa. Mama alinichapa mpaka fimbo ikakatika. "Mtu akikuita kutoka dunguni," alisema, "hata kama unakufa, itika kwanza."

Ulipokua zeze likakupeleka mbali, Mkula, Sanje, kila palipokuwa na harusi au pombe ya mavuno. Ukarudi umebatizwa, na wanywaji wakakucheka. "Anselmi! Jumamosi wetu, Jumapili wa padre!" Ukawajibu, "Na Jumatatu wa jembe la mama yangu. Nipisheni." Lakini uliendelea kuwapigia, na Jumapili ulikuwa wa kwanza mlangoni kwa padre. Ulisema Mungu ndiye aliyekupa vidole, na hakukuambia uvitumie siku moja tu kwa wiki.

Nilikuwapo siku uliyomwimbia padre wimbo wako mpya.

"Anselmi," akasema, "mwisho wake si ule wa kuamia ndege?"

"Ndio huo, Baba. Kwani shetani naye si anakula mpunga wa watu?"

Alicheka hata akavua miwani akaifuta. Kisha akauliza mbona wimbo unaishia juu, kama haujaisha. Ukamwambia umeishia hapo hapo. Mimi uliniambia tukiwa njiani kurudi: "Mungu naye yuko dunguni kwake, Benedikta. Tukimwita hawezi kunyamaza."

Halafu vita vikaja. Watu wa maji walifika na dawa yao, wakataka uwapigie wapiganaji ngoma. Ukawaambia umekwisha kumwagiwa maji mara moja na yanakutosha. Walikuita mwoga, mke wa padre. Uliwaza sana siku zile, nilikuona. Wale walikuwa rafiki zako, watu uliowachezesha kwenye harusi zao, na wengi wao hawakurudi. Ulikuwa unawataja kwa majina katika sala.

Wajerumani walipochoma mpunga wote, njaa ikaingia, na ndiyo iliyomchukua Mama. Ngoma zilikuwa zimekatazwa kabisa. Wewe ulitaka tumzike kwa sala tu. Mimi ndimi niliyelia. Nilikushika mguu nikasema, "Mama azikwe kimya kama mbwa? Piga, hata kidogo tu." Uliniangalia sana. Kisha ukaenda kuitoa ngoma yako uliyoificha chini ya mabua.

Hukupiga sana. Uliifunika kitambaa, ukapiga kwa viganja. Askari walikuwa karibu kuliko tulivyodhani. Shaushi, mkubwa wao, aliuliza unawaitia nani vita. Ukasema, "Nazika mama yangu. Mimi ni Mkristo." Akasema, "Siku hizi mmekuwa Wakristo wote," wakakufunga kamba shingoni pamoja na wapagazi wengine.

Mimi walipotokea nilikimbia nikajificha kwenye matete, kaka. Mlipita karibu nami hata niliona vumbi la kaburi kwenye magoti yako. Hukujua nilipo. Ukainua shingo ndani ya kamba, ukaimba, "Kumekucha, nipo!"

Ilikuwa alasiri. Nilielewa. Ulitaka kujua kama niko hai.

Niliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ukaita tena. Askari akakupiga kitako cha bunduki, mkaenda.

Mwaka uliofuata alirudi mtu wa Mkula aliyebeba mizigo pamoja nawe. Alisema ulikuwa unawaimbia, nyimbo za kanisa wakianza safari, za harusi wakitua, mpaka wenye miguu iliyovimba wakacheka. Alisema kifua ndicho kilichokuua, na walikuzika kando ya njia, wakasali Baba Yetu. Kisha akasema, bila kujua ananifanya nini, "Alikuwa na wito wake, kila kukicha lazima aite. Sisi hatukujua tumwitikie nini."

Sikumwambia kwamba mimi nilijua.

Jana, basi. Watoto waliimba vizuri, na mwishoni sauti zikapanda mahali pale pale ulipoziacha, zikakatika. Nikajikuta nimesimama. Nikaitika kwa sauti ya shambani, "Nipo nami, kumekucha!" Watu wote waligeuka. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Nje mwalimu alinifuata. "Mama Benedikta, wimbo ulikuwa umekwisha."

"Haukuwa umekwisha, mwalimu," nikamwambia. "Aliyeutunga anaitwa Anselmi. Ni kaka yangu."

Akanitazama, kisha akatoa kalamu akaniomba nilitaje jina tena, polepole.

Sijui kama mtu aliyekufa akiitikiwa kwa kuchelewa kiasi hiki husikia. Uliniambia Mungu hawezi kunyamaza, na mimi nimeishi miaka yote hii nikiwa mtu aliyenyamaza. Sikuombi useme haikuwa kitu. Ila ukimwimbia huko asubuhi, na akikuuliza nani aliyebaki bondeni, mwambie yupo mmoja, aliitika. Unikumbuke.

Mdogo wako,
Benedikta