Mke Mwenzangu Anataka Nimkunje Goti kwa Siri

Mama Mshauri, shikamoo. Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, maana nimejifunza kuandika katika darasa la elimu ya watu wazima hapa kijijini, kwa hiyo makosa ya herufi unisamehe, lakini nakuomba ulisome jambo langu hadi mwisho kwa sababu limenikalia rohoni na sina wa kumweleza.

Mimi ni mke wa pili wa Idrissa, na mke mkubwa anaitwa Mwanaidi, na zamani kila mmoja wetu alikuwa na nyumba yake, hadi mwaka ule tulipohamia kijiji kipya huku upande wa Ilongero, na hapo ndipo balaa lilipotupata, maana tulikuwa tunabomoa tembe letu moja, nyumba ya paa la udongo, ili tubebe miti yake tukajengee huku, boriti moja ikateleza pamoja na udongo wa juu, ikamwangukia Mwanaidi juu kidogo ya goti, mfupa ukavunjika. Tulimpeleka hospitali mjini kwa lori lililokuwa linabeba mizigo ya watu, wakampasua, wakauunga mfupa, wakamfunga plasta, na aliyebaki kumuuguza ni mimi, kwa kuwa binti zake wameolewa mbali na Idrissa alikuwa anamalizia nyumba. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimtolea choo, na nakwambia kweli, kule wodini tulizungumza kuliko miaka yote tuliyokaa na mume mmoja.

Plasta ilipotolewa goti lilikuwa gumu kama mchi. Bwana mmoja pale hospitali, anayefundisha wagonjwa mazoezi ya viungo, akanionyesha namna ya kulikunja, mgonjwa akae kitandani miguu ikining'inia, nishike kisigino, nisukume polepole hadi anaposema panauma, nishikilie kidogo, niachie, halafu nirudie, akasema tusipofanya hivyo kila siku goti litaganda, na hakuna dawa ya kumeza ya kulifungua.

Basi tukarudi nyumbani nikaanza kazi hiyo. Mwanaidi si mwanamke wa kulialia, lakini hapo alilia hasa, na nyumba za huku zimepangwa kwenye mstari, si kama zamani kila mtu na boma lake mbali, kwa hiyo akilia mtaa mzima unasikia, na wanawake wakaanza kunyamaza nikifika kisimani, nami nikajua wanasema mke mwenza amepata nafasi yake.

Na hapa, mama, sitakuficha. Siku moja walikuja wageni kumjulia hali, nami nipo jikoni nasonga ugali, nikamsikia akiwaambia kwamba tangu avunjike Idrissa hajala mlenda ulioiva vizuri katika nyumba hii. Ni neno dogo, wenzangu wangelicheka, lakini mimi nilikuwa nimetoka kumfulia nguo alizojikojolea. Wageni walipoondoka nikaenda kumkunja goti, na mikono yangu ikawa na hasira, nikasukuma kupita pale nilipofundishwa. Hakulia siku ile. Alinitazama tu, nami nikaachia.

Haikupita muda, kaka yake Alute akaja kutoka Issuna, akamkuta dada yake analia mikononi mwangu, ingawa siku hiyo nilikuwa nafanya taratibu kabisa. Akamwita mume wangu na mjumbe wa nyumba kumi, akasema mbele yao kwamba mguu wa dada yake si mahali pa kumalizia wivu. Mjumbe ni mtu wa haki, akamgeukia Mwanaidi, akamwuliza, huyu anakutibu au anakutesa? Mwanaidi akatazama chini, hakujibu. Mama, ule ukimya wake uliniumiza kuliko maneno ya Alute. Idrissa akasema basi, kuanzia leo nisiuguse mguu ule, na mimi nikaitikia.

Tangu hapo goti linaganda. Mwanzo lilikuwa limeanza kukubali, sasa anatembea akiburuta mguu, chooni anateseka kuchuchumaa, na Idrissa anamwambia apumzike, mguu utapona wenyewe. Wiki hii watu wote walipokwenda kupalilia mtama wa shamba la kijiji, akaniita chumbani akasema, "Funga mlango, mdogo wangu, unikunje. Nitauma kanga, hakuna atakayesikia."

Nikamwuliza kwa nini siku ile ya mjumbe alinyamaza akaacha nionekane mkatili. Akasema, "Kwa sababu ile siku ya hasira niliijua mikono yako. Ningesema unanitesa, ningedanganya. Ningesema hunitesi, ningedanganya vilevile. Lakini mimi sitaki kuzeeka nikiburuta mguu, na hapa nyumbani hakuna mwingine anayejua pa kushika."

Sikufunga mlango, nilitoka nikaenda shamba. Sasa nifanye nini? Nikimkunja kwa siri na kikatokea kitu, nitaambiwa nimeuvunja kusudi, na mume wangu nitakuwa nimemvunjia amri. Nikiacha, nitamwona akiwa kilema kila siku ndani ya nyumba moja, nami najua ningeweza kumsaidia. Naomba uniambie njia.

Ni mimi, Mke Mdogo, Ilongero.


MAMA THEODORA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako hadi mwisho, kisha nikaenda nayo kwa daktari ninayemfahamu kabla ya kushika kalamu, kwa sababu goti si jambo la kubahatisha.

Kwanza nikupe haki yako. Kumwogesha mke mwenza na kumtolea choo, halafu kusimangiwa mlenda, si jaribu dogo. Wengi wangewaachia binti zake waje wenyewe. Wewe ulikaa. Hilo usikubali mtu alifute, awe Alute au wanawake wa kisimani.

Sasa nikukemee. Ulipopeleka hasira yako kwenye mfupa uliotoka kuungwa, ulicheza na mguu wa mtu. Daktari ameniambia nguvu ya namna ile inaweza kuchana nyama ya ndani, au hata kuuachanisha mfupa wenyewe. Umebahatika. Na ukimya wa Mwanaidi mbele ya mjumbe usiuite usaliti. Aliulizwa swali moja, naye alikuwa na majibu mawili, yote ya kweli. Angeweza kukuangamiza kwa neno moja, na hakulisema.

Mlango usiufunge. Nakuelewa unavyotamani kumsaidia, lakini mgonjwa anayeuma kanga ili asisikike hawezi kukwambia pale panapotosha, na hapo ndipo watu wanapoumizwa. Tena kazi njema ikifanywa kwa kujificha hugeuka kuwa kosa kabla haijamaliza kuponya.

Wewe usimwendee Idrissa kumbembeleza. Mwanaidi mwenyewe amwambie, kwa mdomo wake, kwamba anautaka mguu wake. Ni mke mkubwa, ana sauti katika nyumba ile, aitumie. Na wewe Idrissa, najua gazeti hili litakufikia: ulipiga marufuku kitu usichokijua, ukaona umeleta amani. Kupumzika hakukunji goti. Mke wako anateseka chooni na wewe unamwambia angoje. Angoje nini?

Rudini hospitali wote, na Alute aitwe aende nanyi. Goti lililoachwa hivi haifai kuanza kulikunja nyumbani kabla halijapimwa. Mwombeni yule bwana wa mazoezi amkunje mbele ya kaka yake, ili Alute asikie dada yake akilia katika mikono isiyo na wivu, na aelewe kilio kile kinatoka wapi. Mkishapewa ruhusa, fanyeni uani, mchana, watu wakiona. Kwanza akandwe kwa kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika. Kisha akae juu ya kitanda kilichotolewa nje, miguu ikining'inia, apitishe mguu mzima mbele ya ule mbovu, na kwa huo ausukume ule mbovu nyuma yeye mwenyewe. Daktari amelisisitiza sana hilo, kwa kuwa mtu akijisukuma mwenyewe anajua pa kuishia. Wewe msaidie pale nguvu zake zinapokoma, na akisema basi, iwe basi, hata kama unaona angeweza kuvumilia zaidi. Goti likivimba, likawa la moto, au akapata homa, acheni na mrudi hospitali siku hiyohiyo.

Huenda lisikunjike kama zamani. Jiandaeni kwa hilo, maana muda umepotea. Lakini kati ya goti lililoganda na goti zima kuna nafasi kubwa ya mtu kuishi.

Limebaki moja, nalo lisingoje hospitali. Katika barua yako yote umenieleza kosa lako mimi, mtu usiyenijua, lakini sikuona mahali ulipomwomba radhi Mwanaidi. Yeye ameshakupa mguu wake tena, na hajasikia neno lolote kutoka kwako. Mwendee leo, kabla hujawasha moto wa jioni. Usitaje mlenda, usitaje wageni wake wala Alute. Mwambie, "Dada, siku ile nilikuumiza kwa makusudi, nisamehe," kisha unyamaze, umwache aseme lolote atakalo.