Deo, Nilikunywa Pombe ya Bucumi

Deo kaka yangu,

Jumamosi tuliondoa matanga yako. Watu walijaa uani hapa Gasorwe, hata wale waliotuita Watanzania tuliporudi kutoka kambini. Jirani yetu Mzee Bucumi naye alikuja na kibuyu cha pombe ya ndizi. Akaonja kwanza mbele ya wote, kama inavyotakiwa, akakiweka chini. Hakuna aliyenyoosha mkono.

Ulikunywa kwake jioni, asubuhi moyo wako ukasimama. Tangu hapo Mama anasema alikutilia sumu, kwa hasira ya lile shamba alilolilima tulipokuwa ukimbizini, akalazimishwa kuturudishia. Vijana wa kilima chetu walishaapa kwamba matanga yakiisha watamfukuza kwake.

Nikachukua kibuyu, nikanywa. Nilidhani itatosha. Shangazi akanong'ona, "Iyo sumu yake haiuaki haraka." Basi nikasimama.

Niliwaeleza kazi yangu ya Gitega, ile uliyokuwa ukinitania kwenye simu: "Umeshafika kwenye goti langu?" Nikasema nakaa mbele ya kompyuta nikichora umbo la protini moja, kipande kwa kipande, kwa picha ninazotumiwa na wenzangu wa maabara za nje. Kila seli ya msuli ina mifupa yake ya nyuzi, na protini hiyo ndiyo inayoifunga kwenye utando wa seli. Nikawaonyesha nyumba yetu, fito ulizozifunga wewe ukiwa umekaa juu ya ndoo kwa sababu miguu ilikataa. Kamba zikiwa mbovu, fito zipo, udongo upo, na nyumba inaanguka. Kamba zako zilikuwa mbovu tangu kuzaliwa. Zilianzia miguuni, zikamalizia moyoni.

Mtu akauliza ulizitoa wapi. Deo, nilitamani Mama awe jikoni. Alikuwa mbele yangu, kwenye mkeka. Nikasema mama huibeba kasoro hiyo bila kuugua, kisha humrithisha mtoto wa kiume. Nikamtaja mjomba, aliyetambaa kambini hadi akafa, na sisi tukaambiwa ni vita vilimvunja.

"Ni kusema ni mimi nilimuua," Mama akasema. Taratibu tu. Akaingia ndani.

Kibuyu kikazunguka, kikaisha. Bucumi yuko kwake, analima. Na mimi huenda ninabeba kitu kilekile. Wale wa Mutoyi walioniletea posa hawajapiga simu tena. Inaniuma, lakini si kama hali ya Mama. Kabla ya Jumamosi chuki ilikuwa inamwamsha: anashika jembe, anamtukana Bucumi ng'ambo ya ua, anarudi kula. Sasa hana wa kumtukana. Anakaa tu. Nikimwambia hana kosa, ananiuliza kama nimekula.

Nina hasira, kaka, na sijui nimkasirikie nani.

Kesho narudi Gitega. Kile kipande ninachokichora hakitakurudisha, najua. Ila nakuahidi kila mwisho wa juma nitapanda gari la Muyinga, niteremke Gasorwe, nikae na Mama kwenye ule mkeka hata asiponijibu, mpaka aamini kwamba si yeye.

Lala, Deo. Goti lako bado sijalifikia.

Dada yako