Wiki Mbili Nilizozitunga Mimi

Jumanne. Joto la Oktoba limetukalia tangu asubuhi. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka. Nimefunga dirisha kwa ajili ya vumbi, nimekaa chini sakafuni ambako kuna ubaridi kidogo.

Nina aibu. Naandika upesi kabla sijaanza kujitetea.

Mimi ni nesi kwenye kituo kidogo hapa Kanyenye, tunasaidia watu kuacha pombe na dawa za kulevya. Zamani mfadhili alilipia vitanda na dawa, alale nani asilale nani. Tangu mwaka jana analipia matokeo. Mtu akimaliza miezi mitatu bila kunywa, kituo kinalipwa. Akitoroka au akirudia, hatupati kitu. Nilipousoma mkataba nilisema moyoni, hii ni haki kabisa, sasa watu watafanya kazi.

Ila walevi hawafanani. Yupo mwenye ajira, na mke anayepiga simu kila jioni, kaanza kunywa juzijuzi tu. Huyo atamaliza. Na yupo aliyekunywa gongo miaka thelathini. Mkuu wa kituo alipouliza kikaoni tufanyeje matokeo yapande, mimi ndiye niliyenyoosha mkono. Nikasema tuwapime nia kwanza. Anayekuja na hali ngumu tumwambie akaache mwenyewe wiki mbili, akiweza arudi.

Walinipigia makofi.

Sharti lile halimo kwenye mkataba. Mfadhili hakulitaka. Ni langu.

Mwezi uliopita walikuja Mzee Maganga na mkewe, Mama Shija, kutoka kijiji kimoja huko Sikonge. Mzee ni mrina asali. Mikono ilikuwa inamtetemeka hata kikombe cha maji alikishika kwa mikono miwili, na alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akatabasamu kama mtu aliyefika. Nikamuuliza maswali yetu. Ameshajaribu kuacha? Mara nyingi. Alishindwa? Mara zote.

Vitanda viwili vilikuwa vitupu nyuma ya ukuta ule ule.

Nikamwambia, "Baba, jaribu kwanza wiki mbili nyumbani bila kunywa. Ukifanikiwa, njoo, tutakupokea."

Nilijua ninachokisema. Darasani tulifundishwa, na mimi mwenyewe nimewafundisha wengine, kwamba mnywaji wa miaka mingi haachi ghafla bila dawa na bila mtu wa kumwangalia. Siku ya pili, ya tatu, mwili unaweza kumgeuka: jasho, kuona visivyokuwepo, degedege. Mtu anaweza kufa. Lakini sikudhani angejaribu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nilimpa sharti nikiamini kwamba atalishindwa, na kwamba hatarudi.

Leo saa nne wamerudi.

Mzee kakonda, shati lile lile. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa cha kanga kuanzia kwenye vidole hadi kiwiko. Akasimama mlangoni, hakusubiri hata nimwamkie.

"Mwanangu, Ijumaa mbili zimepita. Sijaonja hata tone."

Nilimtazama mkewe. Mama Shija akanisimulia akiwa amesimama, hakutaka kiti. Siku ya tatu mzee alianza kuwafukuza nyuki ndani ya nyumba, na nyuki hawakuwepo. Kisha akaanguka, anatupa miguu, povu mdomoni, na mkono ukaingia kwenye mafiga yenye moto. Alikuwa peke yake jikoni. Mama Shija mwenyewe alikuwa kisimani. Alimkuta hivyo.

"Nikataka nimpe gongo kidogo atulie," akasema. "Akakataa. Akasema nesi amesema wiki mbili. Nikampaka asali, nikamfunga."

Nilikifungua kitambaa. Sitaandika nilichokiona. Nilimpeleka hospitali mwenyewe kwa bajaji, na daktari akasema vidole viwili huenda visinyooke tena. Mzee akauliza kama bado ataweza kupanda na kamba mpaka kwenye mizinga. Daktari akajibu kwamba tusubiri. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akanigeukia.

"Lakini kitanda nimekipata?"

Ndipo nikashindwa kuficha. Niliwaambia wote wawili, pale pale kwenye benchi la hospitali. Nikasema, baba, mama, zile wiki mbili hazikuwa sheria ya tiba. Nilizitunga mimi, ili kituo kionekane kinaponya watu wengi. Niseme kweli, nilitegemea anisamehe haraka, nipate kupumua.

Mzee aliutazama mkono wake.

Mama Shija ndiye aliyeuliza. "Siku ile kitanda kilikuwepo?"

"Kilikuwepo, mama."

"Mimi nimekuombea dua wiki mbili," akasema. "Nikasema Mungu ambariki yule binti, ametupa njia."

Hakupandisha sauti. Akamfunga mumewe kifungo cha shati, akamwambia abaki atibiwe, kisha akaondoka kuliwahi basi la Sikonge. Nilimwambia safari njema. Hakuitikia.

Mzee amelazwa hospitalini. Mchana nilimweleza mkuu wa kituo, nikamwambia sharti lile simpi mtu tena, hata matokeo yetu yashuke. Akaniuliza kama najua maana yake kwa kituo. Najua. Akasema tutazungumza kikaoni. Sijui kazi yangu itakuwaje, na leo hilo silo linalonisumbua.

Baadaye nilifungua daftari la mapokezi nitafute wengine niliowarudisha. Hawamo. Tuliandika waliopokelewa tu.

Nikakaa nikijilazimisha kukumbuka sura. Ninayemkumbuka vizuri ni mmoja, mama kutoka kijiji cha Lusu, mpika pombe ambaye alikuwa ameanza kuinywa mwenyewe. Alikuwa na pengo la mbele na alicheka akiwa anaziba mdomo. Naye nilimwambia wiki mbili. Alisema, "Haya, nesi, nitajitahidi." Ilikuwa kabla ya mwezi wa mfungo. Hajarudi.

Nilijiambia wakati ule kwamba hakuwa na nia.

Nimeomba ruhusa ya kesho. Alfajiri napanda basi la Nzega, nikifika nitatafuta bodaboda ya Lusu, niulize nyumba hadi nyumba. Jina lake silijui.

Ee Mola, nimkute anacheka.