Kimbunga Hakivuki Mto

Renae, tuko hai. Usipige, chaji imebaki kidogo ila hasira ninazo tele.

Shoga, mama mkwe wangu ataniua kabla ya kimbunga!

Si uliona jana? Desemba, msimu wa baridi, watu wamevaa fulana, jasho linatutiririka. Nikamwambia mume wangu Dwight: joto hili likikutana na baridi inayotoka magharibi, leo hatulali.

Saa saba usiku king'ora cha kimbunga kikalia. Nikavaa viatu, nikachukua helmeti za baiskeli. "Mama Earlene, twende bafuni, kule hakuna dirisha."

Akakaa kitini! "Mwanangu, kimbunga hakivuki mto. Marehemu baba alisema. Miaka sabini na moja naishi hapa, hakijavuka."

Hakijavuka! Na masikio yameanza kutuziba, kimekaribia!

Na mume wangu je? Yuko barazani, eti anakitazama. Anatazama nini na giza lile? Radi ikamulika, akakiona ng'ambo ya mto, kinazunguka, kinene kuliko mtaa mzima. Alivyorudi mbio, nusura aung'oe mlango.

Tukambeba mama na kiti chake hadi bafuni. Na kiti, Renae! Tukamtupia godoro juu, yeye bado anasema "hakivuki", na mimi namshikilia helmeti kichwani huku nyumba inatetemeka.

Kutoka, jikoni hakuna paa. Mvua inanyesha ndani ya sufuria ya maharage.

Nikamwuliza, "Haya mama, kimevuka au hakijavuka?"

Akatazama juu. Akatazama mtoni. Akavua helmeti yangu, akanirudishia.

"Hakijavuka. Kimepita darajani."