Bunduki za Shemeji Yako

Mdogo wangu Wendell,

Huku Montana theluji imewahi, na kuku wamegoma kutaga. Tulikusikia redioni, wakili wetu, ukiwaambia majaji kwamba Katiba ya Marekani inampa kila mtu haki ya kuwa na bunduki nyumbani kwake. Shemeji yako Harlan akapiga meza: "Waambie hao! Zangu hakuna wa kuzigusa!"

Sikukwambia kwenye simu. Tangu tulipomzika mwanetu, Harlan hali, halali, na anajiogopa mwenyewe akiwa na bunduki karibu. Jumapili alizipakia bunduki zake zote garini, akampelekea jirani yetu Orville.

"Nitunzie," akamwambia. "Na nikizijia kabla kichwa hakijatulia, nifukuze kama mbwa."

Orville alizipokea, akazifungia kabatini. Kisha akammiminia kahawa.

Jana Harlan alizifuata. Orville akasimama mlangoni: "Rudi nyumbani, bwana wewe. Leo hupati kitu."

Shemeji yako alirudi analia, kisha akala supu bakuli zima.

Kesi yako nakuombea ushinde. Haki ni haki. Ila ukija kula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, pitia kwanza kwa Orville, umwachie na hiyo bastola ya kiunoni mwako.

Dada yako anayekungoja,
Lorna