Foto ya Mama Anjelina na bajukuu

Yaya Kavira,

Jambo kwako na kwa nyumba yote. Bunia mvua haituachi, viatu vyangu havikauki. Ninalala Mudzipela kwa Mama Anjelina, muzee wa metis: baba yake alikuwa muzungu, mama yake wa hapa Ituri. Anapika sombe, majani ya muhogo, na samaki ya Mahagi-Port, weye ungelamba sahani.

Wakati ya ukoloni, serikali ilikuwa inanyanganya bamama batoto ya metis. Mama yake Anjelina balimudanganya, balisema banapiga batoto foto tu. Akamuogesha mutoto, akamuvalisha robe ya kanisa, akamupeleka yeye mwenyewe. Kamio, lori ya serikali, ikamubeba mutoto mpaka misioni ya mbali. Anjelina alikuwa na miaka ine. Habakuonana tena.

Sasa yeye na benzake banaandika barua kwa bazungu, banaomba dosie zao, bajue bamama zao balizikwa wapi.

"Mama alizani nitarudi saa ya kula," aliniambia. "Usimulaumu."

Jana nilimuomba nimupige foto na bajukuu yake. Alikataa, kisha akaitika.

Busu batoto yako kwa ajili yangu. Halafu geuza hii karte, foto iko upande ya pili, uangalie vile amebakamata bajukuu mikono.

Mudogo yako, Masika